Kuongea kwa Mikono na Watoto wa Kitengo

Mtoto asiyetamka akitaka uji ana njia nyingi za kuuomba, na nyingi kati ya hizo wakubwa huziita utundu. Atavuta kanga ya dada wa jikoni. Atagonga bakuli mezani. Atamng'ata mwenzake aliyeketi karibu na sufuria, au atajigonga kichwa ukutani mpaka mtu aje. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi hapa Tanga, na mtu akiniuliza kazi yangu hasa ni nini, namwambia ni kumpa mtoto wa namna hiyo njia nyingine ya kuomba, iliyo nyepesi kuliko kung'ata na inayoleta uji mapema kuliko kung'ata.

Hilo la pili ndilo husahaulika. Mtoto akionyesha ishara ukamwambia "subiri kidogo", kisha aking'ata mkimkimbilia wote, mmeshamfundisha. Hana akili ndogo kiasi hicho.

Watoto wetu ni mchanganyiko. Wapo wenye mtindio wa ubongo, ambao misuli yao haitii, wenye usonji (autism), wenye sindromu ya Down, na wapo ambao kwenye faili lao kumeandikwa tu "ulemavu wa akili", basi. Wengine walichelewa kulia walipozaliwa, wengine walishikwa na manjano makali siku za mwanzo, wengine malaria ilipanda kichwani. Karibu wote wanasikia. Hawatamki, au wanatamka maneno ambayo mama zao peke yao ndio huyaelewa. Majina nitakayoyataja humu si yao.

Kwa Seif, mwenye usonji, tulianzia kwenye kibuyu chirizi kilicho nje ya choo. Alipenda maji yamwagikie viganjani kuliko alivyopenda chakula, na ishara ya kwanza huanzia kwenye kitu ambacho mtoto anakipenda mpaka anakereka kikikatika. Nakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanatoka. Naachia, yanakata. Seif anautazama mguu wangu. Dada Rehema, matroni wetu, amesimama nyuma yake, anamshika mikono, anavigusanisha vidole vya mkono huu na vya ule, ishara tuliyoichagua iwe "tena", na mimi papo hapo nasema "Tena! Maji tena!" na kukanyaga. Kisha naachia, kimya. Mikono tena, maji tena. Siku za mwanzo kazi yote ilikuwa ya Rehema. Baadaye akawa anamgusa kiwiko tu. Asubuhi moja, kabla hajamgusa, vidole vya Seif vikakutana vyenyewe, vimepinda, viwili vimepishana na wenzake, na nikakanyaga kile kijiti kwa nguvu mpaka tukalowa wote watatu.

Katika hadithi hiyo naomba uangalie Rehema alisimama wapi. Anayesaidia mikono hukaa nyuma. Anayeombwa hukaa mbele. Mtu mmoja akifanya kazi zote mbili, mtoto hujifunza kunyoosha mikono ili ashikwe, na hapo ndipo anapoishia. Nimeona watoto waliofundishwa hivyo: ukiwakaribia wanakupa viganja vyao kama wanaotaka kupakwa mafuta.

Jambo jingine ni kimya. Mwalimu wa kwetu amezoea darasa limjibu kwa pamoja, "Ndiyoo mwalimuu", na kimya cha sekunde kumi kinamwasha mwili mzima. Anauliza, anajijibu, anamshika mtoto mkono, yote kwa pumzi moja. Mtoto mwenye mtindio anahitaji muda kusikia, muda kuelewa, na muda mrefu zaidi kuuamrisha mkono usiotii. Mwanafunzi wa ualimu akija kwetu kwa mazoezi, kazi yangu ya kwanza kwake ni kumwambia ahesabu kimyakimya mpaka kumi huku akitabasamu. Wengi hufika nne.

Kutamka sentensi nzima kwa mdomo huku mkono ukionyesha maneno mawili matatu yaliyobeba maana hatukukubuni sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza, mtaalamu wa matamshi Margaret Walker alikuwa akifanya kazi na watu wazima viziwi wenye ulemavu wa akili, wanaoishi hospitalini. Yeye na wenzake wakachagua msamiati mdogo wa mambo ya kila siku, wakaufundisha kwa alama, na mpango huo ukaitwa Makaton. Ulipoenea nchi nyingine, kila nchi ilichukua alama za viziwi wake. Hilo la mwisho ndilo lililonigusa. Nilikuwa nimepewa mabango ya picha yaliyochapwa Ulaya, na mojawapo lilionyesha "njoo" kwa kiganja kilichotazama juu na kidole kimoja kinachokunjwakunjwa. Jaribu kumwita mzee wa Ngamiani hapa mjini kwa kidole hicho uone atakavyokujibu. Sisi humwita mtu kwa kiganja kilichotazama chini, vidole vyote vikikusanya.

Basi nikamtafuta fundi cherehani mmoja, kiziwi tangu utotoni, anayeshona sare za shule barazani kwake. Tulielewana kwa kuandikiana na kwa msaada wa mkewe anayesikia. Malipo alikataa, ila akataka sare za kitengo chetu zishonwe kwake, na bei tukapatana. Nilimwonyesha alama nilizotoka nazo chuoni. Akaangalia mpaka mwisho, akacheka, akachukua karatasi ya vipimo akaniandikia: "Uso umekufa."

Alikuwa na haki. Katika Lugha ya Alama ya Tanzania uso ni sehemu ya sarufi. Nyusi zinauliza, kichwa kinakanusha, mashavu yanaongeza ukubwa. Mimi nilikuwa nafanya mikono peke yake, na uso nimeutuliza kama niko kwenye picha ya pasipoti. Tangu hapo nawafundisha wazazi kuanzia usoni kwenda chini, na ajabu ni kwamba watoto wengi wenye sindromu ya Down huiga uso kabla ya mkono. Ukikunja pua kwa "inanuka" watakunja, na kicheko juu.

Fundi alinisisitizia pia kwamba haya tunayoyafanya tusiyaite Lugha ya Alama. Ile ni lugha kamili, ina mpangilio wake wa maneno usiofuata Kiswahili, ina wenyewe, ina mizaha na matusi yake. Sisi tunaazima maneno yake na kuyapachika juu ya Kiswahili cha kutamka, kwa watoto wanaosikia. Ukichanganya hayo mawili utamuumiza mtu, na nitaeleza namna gani.

Tuliwahi kuletewa kijana kwa barua iliyosema ana ulemavu wa akili. Hatamki, haitiki akiitwa, ana hasira. Nilikuwa nimeomba apimwe masikio, na jibu lilikuwa foleni. Siku fundi alipoleta sare, yule mtoto aligandana naye tangu mlangoni. Fundi alimwonyesha kofia, akamwonyesha mkasi, akamwonyesha kwa mikono namna nguo inavyokatwa, na mtoto akairudisha hadithi nzima kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na fundi alivyolamba uzi kabla ya kuutunga kwenye sindano. Fundi akanigeukia akagusa sikio lake, akatikisa kidole. Vipimo vilipopatikana vilisema hivyohivyo: haisikii hata ngoma. Sasa yuko Shule ya Viziwi Lwandai, kule Mlalo, Lushoto, mahali ambapo kuanzia anayelala kitanda cha juu mpaka anayegombana naye foleni ya chakula wanaongea kwa mikono. Mtoto kiziwi hahitaji alama thelathini za mwalimu anayesikia. Anahitaji lugha nzima na watu wa kuizungumza naye, na kila mwezi anaokaa kwenye kitengo kama chetu ni mwezi alionyang'anywa. Kwa hiyo kabla ya ishara yoyote, masikio yapimwe. Hata mtoto ambaye sababu ya kutosema kwake inaonekana waziwazi, masikio yapimwe. Manjano makali ya uchanga, kwa mfano, huharibu sehemu za ubongo zinazoongoza misuli na mara nyingi huondoka na usikivu pia.

Sasa hofu ya wazazi. Baba yake Mwanaidi alikuja amevaa kanzu ya Ijumaa, akakataa kiti. "Madam," akasema, "mkimzoesha mikono, ulimi utalala moja kwa moja." Hofu hii ina umri mrefu kuliko sisi sote. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana mjini Milano, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapitisha kwamba mtoto afundishwe kwa mdomo na alama ziachwe, na shule nyingi za Ulaya na Marekani zikafuata njia hiyo kwa karne karibu nzima. Baba Mwanaidi hajawahi kusikia habari za Milano, lakini maneno ni yaleyale.

Nilimjibu kwa kumwita binti yake. Mwanaidi ana sindromu ya Down: misuli ya ulimi na midomo ni laini, mdomo kwa ndani ni mdogo, na masikio hujaa majimaji mara kwa mara, kwa hiyo maneno humfikia kama yanatoka chumba cha pili. Anaelewa mengi kuliko anavyoweza kusema. Kwa watoto hawa ndivyo ilivyo mara nyingi. Mkono naweza kuushika, nikauweka sawa, nikauonyesha. Ulimi siwezi kuushika. Wakati ule Mwanaidi alishakuwa na ishara ya maji, mkono uliokunjwa kama umeshika kikombe kwenda mdomoni, na kila alipoinua mkono sauti ilitoka pamoja nao: "ma". Baba akaiona. Hakusema kitu, ila alikaa. Baada ya muda "ma" ikawa "mai", kisha "maji", na neno lilipokomaa mkono ukaanza kubaki mapajani bila mtu kuukataza. Maneno mengine bado anayafanya kwa mkono. Tafiti zilizofanywa kwa watoto wenye usonji na wenye sindromu ya Down hazijaonyesha kwamba alama huzuia matamshi, lakini sijawahi kumshawishi mzazi yeyote kwa tafiti.

Lazima niseme pia kwamba wapo ambao hawatatamka kamwe, na mzazi aambiwe mapema. Ukimfanya asubiri neno, atakaa miaka akimwambia mtoto "sema kwanza ndipo nikupe", na mtoto anashinda na kiu.

Kwa wenye mtindio mkali mikono yenyewe haitii. Zuhura akitaka kuinua mkono wa kulia, wa kushoto unaondoka, kichwa kinarudi nyuma, mdomo unafunguka. Watu humwona wakadhani hajui alipo. Zuhura anajua kila kitu, pamoja na nani kati ya walimu amegombana na nani. Ishara zake ni macho. Kutazama juu ni ndiyo, kufumba kwa nguvu ni hapana. Hatukumfundisha, mama yake aliiona nyumbani, na sisi tukaithibitisha kwa kumuuliza mambo ambayo majibu yake tunayajua: "Wewe ni mwanamume?" Akafumba, akacheka mpaka akapaliwa.

Kwa mtoto wa namna hii ndiyo na hapana zikiwa imara umeshapata mlango. Ila usimrundikie. "Unataka uji au chai au unaumwa au nikugeuze?" ni maswali manne, na akitazama juu hujui amejibu lipi. Shika kikombe cha uji mkono huu, cha chai mkono ule, vitenganishe mpaka mabega yako yapanuke, na uone macho yametua wapi. Halafu umrudishie kwa sauti: "Umesema chai." Kama umekosea, atafumba. Sisi tumemtengenezea pia ubao wa boksi la sabuni, picha zimekatwa kwenye kalenda za zamani, mifuko ya unga na karatasi za matangazo, zimefunikwa kwa seloteipu ya upana ili mate yasiziharibu. Mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza ule ubao uko kwenye somo gani. Nilimwambia uko kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao nchi yetu iliuridhia 2009 na ambao unapoeleza mawasiliano ni nini hautaji mdomo peke yake. Akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaendelea na chai.

Sasa nifike kwa bibi yake Salim, maana yeye alinifundisha kuliko semina zote.

Salim amelemaa upande wa kulia. Mkono umejikunja kifuani, mguu anauburuta. Kila afanyacho anafanya kwa kushoto: anakula kwa kushoto, anaomba kwa kushoto, anapokea kwa kushoto. Pwani hii mkono wa kushoto una kazi yake na kila mtu anaijua. Majirani walikuwa hawapokei kitu kutoka kwake, watoto wenzake wanamcheka, na shangazi mmoja alikuwa akimfunga ule mkono kwa kitambaa ili atumie wa kulia, ambao hauwezi. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Bibi akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, kaa kwanza unywe kahawa." Kisha akamwita Salim, akampa kashata ampelekee mgeni. Salim alikuja nayo, akasimama mbele yangu, akaushusha mkono wake wa kushoto juu ya ule wa kulia uliojikunja, akaupapasa mara moja, ndipo akanipa kashata. "Anauomba ruhusa mkono wake wa kulia," bibi akasema. "Hapo nani atakataa kupokea?" Mtaa mzima sasa wanalijua hilo, na akipita bila kuupapasa wanamkumbusha. Mimi nisingebuni kitu kama hicho hata nikipewa shahada tatu. Nilikuwa na haki za mtoto. Bibi alikuwa na haki na adabu pamoja.

Shikamoo nayo bibi aliifanya vivyo hivyo: kuinamisha kichwa kigusishwe na kiganja cha mkubwa. Kila mtoto kitengoni sasa anasalimia hivyo, na nimeona wakubwa waliokuwa wakiwapita watoto hawa kama nguzo za umeme wanasimama, wanaweka mkono kichwani, wanaitikia "marahaba". Ishara ya salamu imewafungulia watoto hawa mtaa kuliko ishara ya chakula.

Zipo ishara ambazo mtoto huzibuni mwenyewe kutokana na anachokiona. Babu yake Salim anaswalia nyumbani, na Salim amemwona tangu utotoni akiinua mikono masikioni kwa takbira. Basi mkono sikioni ni "babu". Ni jina zuri, ila lilituletea kizaazaa. Babu alikuwa amesafiri kwenda Pangani, nyumbani kumekuja dada wa kazi mgeni, na Salim alishinda siku mbili mkono sikioni, analia. Dada aliambiwa na wenye nyumba kwamba anamwita babu yake, naye akawa anambembeleza, "babu anakuja, babu anakuja". Alipoletwa shuleni sikio lilikuwa linatoa usaha.

Kutokana na siku ile tuna mambo mawili. Moja ni daftari. Kila mtoto ana daftari la mistari linalokwenda na kurudi begini, ishara zake zote zimechorwa humo kwa vijitu vya vijiti, pembeni maana yake, na mtu wa nyumbani akiona ishara mpya anaiongeza. Ishara zinazotoka kwa viziwi, zinazobuniwa na mtoto, zinazobuniwa na bibi, zote ndani. Msichana mmoja alihamia kwetu kutoka Mombasa na alama za huko. Lugha ya Alama ya Kenya, ambayo Katiba yao ya 2010 imeipa nafasi Bungeni pamoja na Kiswahili na Kiingereza, si sawa na ya kwetu. Hatukumnyang'anya. Tuliziandika, na wenzake wakaokota mbili tatu.

La pili ni ishara ya "inauma". Ngumi inayogongwa taratibu mahali panapouma, uso umekunjwa. Ni ishara inayotembea mwilini: kichwani, tumboni, jinoni, sikioni. Huwezi kuifundisha mtoto anapoumwa, amechelewa. Unaifundisha kwenye mchezo, kwa mwanasesere aliyefungwa bandeji, kwa Rehema anayejifanya amejikwaa na kuchekesha darasa, na zaidi kwa kila kidonda halisi kidogo kinachopatikana: mbu, mwiba, goti lililochubuka. Salim akija sasa na ngumi sikioni, tunajua si babu.

Ishara iliyonigombanisha na wazazi kuliko zote ni "sitaki". Kiganja kinachosukuma, kichwa kinachotikisika. "Tumekuletea mtoto mtulivu, unamrudisha na kiburi," mama mmoja aliniambia, na wengine kwenye kikao wakaguna kumuunga mkono. Najua ugumu wao. Mtoto anayebebwa, kulishwa na kuoshwa, ukimpa kukataa unaongeza kazi kwa mtu ambaye tayari amechoka. Lakini mtoto aliyezoeshwa kukubali kila mkono unaomshika, atakubali na mkono mbaya. Wanaowaharibu watoto huwatafuta wasioweza kusimulia. Kwa hiyo kwetu sitaki inaheshimiwa: ukisukuma bakuli, bakuli linaondoka, hata kama uji umepikwa kwa shida. Pale isipowezekana, kama dawa, tunasema na kuonyesha: "Nimeona hutaki. Dawa lazima. Ikiisha, basi." Mtoto ajue amesikika hata asipokubaliwa.

Tulipofika kwenye ishara za sehemu za siri, ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Mabango hayo ndiyo niliyoyachora mwenyewe na kuyaficha kabatini. Bibi yake Salim ndiye aliyenyanyuka. Yeye ni somo, yaani kungwi, amewafunda wanawali wengi mjini hapa, na akasema haoni anachoonea haya: mambo haya huyasema kwa mwanamwali, atayashindwa vipi kwa mjukuu asiye na mdomo? Akazifundisha yeye, kwa akina mama, mlango umefungwa, na kwa vicheko ambavyo singeweza kuvipata mimi. Akina baba tuliwapa kikao chao na mwalimu wa kiume. Kilikuwa kifupi.

Mwaka huu tumeingia kwenye pesa. Kuna duka mkabala na geti la shule, na wakubwa wa kitengo wanakwenda kununua sukari nusu kilo ya uji. Namba ni ngumu kwao, lakini noti zetu zina wanyama, na wanyama wanajulikana: mkonga kwa mkono mmoja ni tembo, 10,000, kidole juu ya pua ni faru, 5,000, kucha mbili zilizochanua ni simba, 2,000. Noti ya 1,000 ina Mwalimu Nyerere, na watoto wenyewe waliamua aitwe kwa masharubu, kidole kimelazwa chini ya pua. Mwenye duka alijifunza zote kwa alasiri moja na sasa anawaonyesha wateja wengine.

Tatizo lilikuja kwenye sarafu. Simba yuko kwenye noti ya 2,000 na yuko tena kwenye sarafu ya 200. Faru yuko kwenye 5,000 na yuko kwenye sarafu ya 50. Seif alikwenda na simba wa chuma akitaka sukari, akanyimwa, akalala chini mbele ya duka. Tukaongeza ishara ya kutangulia: kiganja bapa ni noti, duara la kidole na gumba ni sarafu. Hilo limeshika. Linalotusumbua ni sarafu ya 100, yenye Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili. Nusu ya darasa wanafanya duara kisha masharubu, nusu duara kisha pembe, na Mwanaidi, anayeweza sasa kutamka "mia", hataki kusikia habari za upande wowote. Mwenye duka anasema yeye hana ugomvi, aonyeshwe duara kwanza tu.